Roboti Inayowajibika kwa Jamii: Mwongozo wa Mafunzo ya Wiki 8 kwa Wanafunzi wa Uzamili, Mwaloni Kigoma

Mwanafunzi wa uzamili aliyesoma uhandisi anajua kuunganisha mota na kuandika msimbo. Asichofundishwa ni kuuliza mashine yake itamwondolea nani ugali mezani. Somo hilo likibaki darasani hugeuka mhadhara: atakariri maneno "haki" na "uwazi", atafaulu mtihani, kisha ataunda roboti ileile ambayo angeiunda bila kulisoma. Hapa tunaeleza jinsi ya kulipeleka somo mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, kwenye dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambako ndoo moja hupita mikononi mwa watu kadhaa na kila mmoja hupata chochote.

Mwongozo unamlenga mhadhiri anayeweza kuleta kundi Kigoma kwa wiki 8. Tumekadiria wanafunzi 12 katika makundi 4. Kila kundi liwe na mtu mmoja wa mitambo au umeme, mmoja wa programu, na mmoja aliyetoka sosiolojia au maendeleo ya jamii. Huyo wa tatu asiachwe kuwa mwandishi wa ripoti tu. Katika maamuzi yote matatu yatakayotajwa hapa chini, kura yake ni sawa na ya wenzake.

Hatua ya 1: Panga tarehe kwa kuangalia mwezi wa angani

Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, hivyo kwa karibu wiki moja katika kila mwezi mitumbwi mingi hupumzika. Ukifika siku za mbalamwezi, wanafunzi watakuta chanja za kuanikia dagaa zikiwa tupu na kurudi wakiamini kwamba mwalo hauna kazi. Wiki ya kwanza lazima iangukie kwenye giza. Siku za mbalamwezi zitumie kwa kazi za karakana.

Kuna kizuizi kikubwa zaidi. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazozunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Kongo, mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Muulize afisa uvuvi tarehe za mwaka wako kabla ya kukata tiketi ya treni. Mfano tunaoutumia hapa ni mashine ya kufunika chanja mvua inapokuja, kwa hiyo Novemba hadi Machi ndio muda wake.

Hatua ya 2: Barua, salamu na malipo

Barua ya chuo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka wilayani, kata, kisha mtaa. Ukifika mtaani, onana na mwenyekiti pamoja na viongozi wa BMU (kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi mwaloni) wa mwalo husika, uwe Kibirizi, Katonga au kwingine. Anza mlolongo huo wiki 6 kabla. Barua ikikwama wilayani, kundi zima hukaa nyumba ya wageni likila posho.

Waajiri akina mama wawili waanikaji kuwa wakufunzi wa mwaloni kwa wiki zote 8. Walipwe kwa siku, kiasi kisichopungua kile ambacho wangepata siku nzuri ya kazi, na walipwe jioni ileile. Wasikilizwe kama wahadhiri wanavyosikilizwa. Kwa wazee wanaozungumza Kiha zaidi kuliko Kiswahili, tafuta mkalimani wa pale pale. Mwanafunzi naye ajifunze kuamkia kwa utulivu, "shikamoo" au "mwakeye", kabla ya kutoa daftari. Anayeanza na maswali hupewa majibu mafupi ya kumfukuza kistaarabu.

Kwenye madaftari hakuna majina. Tumia alama: M1, M2, M3. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inawahusu pia watafiti. Picha ya mtu ipigwe kwa ridhaa yake, iwe na sababu inayoelezeka, na tarehe ya kuifuta iandikwe siku ileile ilipopigwa.

Hatua ya 3: Wiki ya 1, hesabu ya riziki

Kwa siku tano za kwanza neno "roboti" lisitamkwe mwaloni. Likitajwa, watu wataanza kujibu wanachodhani unataka kusikia: wengine wataomba mashine, wengine wataficha kazi zao.

Kila kundi lifuate ndoo 3 za dagaa kwa siku, kwa siku 4, tangu mtumbwi unapotia nanga alfajiri hadi gunia linapofungwa. Ni safari 12 za ndoo. Kwa kila hatua, yaani kupakua, kubeba, kuosha, kuanika, kugeuza, kulinda, kuchambua na kufungasha, waandike mambo sita: nani anafanya, kwa dakika ngapi, analipwa nini, analipwa na nani, analipwa lini, na nini hutokea asipokuwepo.

Kosa linalorudiwa na karibu kila kundi ni kuandika "hakuna malipo" kwenye safu ya kulinda. Mwanafunzi ameuliza fedha, akajibiwa hakuna. Hakuuliza dagaa. Bibi anayekaa kivulini akifukuza kunguru na kuangalia wingu anaweza kuwa anapewa kopo la dagaa jioni, na kopo hilo ndilo kitoweo cha nyumba yake. Mashine ya kulinda itakayojengwa juu ya safu iliyoandikwa vibaya itamfuta bila hata mmoja kujua. Wakufunzi wa mwaloni ndio wa kukagua jedwali hili mstari kwa mstari, kwa sauti, jioni ya siku ya tano.

Hatua ya 4: Wiki ya 2, uamuzi wa kwanza

Sasa kila kundi lipendekeze kazi 3 ambazo mashine ingeweza kufanya, na kila pendekezo lijibu maswali haya: Nani analipwa leo kwa kazi hii? Mashine ikija, atapata nini badala yake, na amekubali yeye mwenyewe? Mashine ikiharibika saa 8 mchana, nani atapata hasara?

Mapendekezo yanayokuja ni yale yale. La kwanza ni toroli linalojiendesha la kubeba ndoo. Linavutia machoni, lakini wabebaji hulipwa kwa ndoo, na mchanga laini hukwamisha magurudumu. La pili ni mashine ya kugeuza dagaa. Dagaa wenye unyevu hukatika vichwa wakisukumwa na brashi, na kugeuza ni kibarua cha watu. La tatu ni kamera ya kuchambua dagaa kwa ubora.

Kamera inastahili kikao kizima. Kamera iliyoelekezwa kwenye chanja inapiga pia mikono, nyuso na watoto wanaopita. Wape wanafunzi utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018: mifumo ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa uso ilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, lakini haikuzidi asilimia 0.8 kwa wanaume weupe. Wazungumzie pia roboti za kuongoza magari zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013, ng'ambo ya pili ya Kongo kutoka hapa, ambazo zilibeba kamera. Mpita njia aliona mkono unaoinuka kusimamisha magari. Je, alijua picha inakwenda wapi? Kisha liulize kundi: je, daraja la ubora litakalotolewa na kamera litatumiwa na mnunuzi kumshushia mama bei? Wasipokuwa na jibu, pendekezo linasimama hapo.

Kundi linalosimamisha wazo lake kwa hoja na namba lisikatwe alama. Lisipolindwa hivyo, kila mtu atatetea mashine yake hata akiona inadhuru.

Kazi inayopita mara nyingi ni kufunika chanja mvua inapokuja. Mvua ikilowesha dagaa nusu kavu, huoza au hushuka kuwa chakula cha kuku, na hasara humwangukia mwanikaji. Hata hapo jedwali la kulinda lirudiwe kusomwa. Sehemu iliyobaki inatumia mfano huu.

Hatua ya 5: Wiki ya 3, mashine ya kuigiza

Kabla ya kununua waya wowote, mwanafunzi awe ndiye mota. Chukua turubai na kamba, akae pembeni, avute tone la kwanza likianguka. Waambiwe wenye dagaa wazi kwamba leo mashine ni mtu. Kuwaficha ni kuanza kazi kwa uongo.

Pima sekunde kutoka tone la kwanza hadi chanja kufunikwa, mara ambazo turubai lilifungwa bure, na mara ambazo mwenye dagaa alinyanyuka kwenda kuhakikisha. Namba hii ya tatu ndiyo kipimo cha imani, na hushuka polepole. Mara nyingine wiki hii inaonyesha kwamba kengele ya kuwaita inatosha. Basi kundi lijenge kengele.

Hatua ya 6: Geuza maadili kuwa masharti yenye namba

Wanafunzi wasome BS 8611, hati ya viwango ya Uingereza kuhusu madhara ya kimaadili ya roboti, na IEEE 7000 ya mwaka 2021, hati ya viwango kuhusu kuzingatia maadili wakati wa kusanifu mifumo, kisha wazifunge. "Iwe salama" si sharti. Haya ni masharti ya mfano wetu:

Ukingo wa turubai unaotembea usimsukume mtu kwa nguvu inayozidi kilo 5, ikipimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Chanja ifunikwe ndani ya sekunde 20. Betri ikifa, mtu mmoja aweze kufunika kwa mkono mmoja bila chombo. Fundi wa kuchomelea wa mtaa aweze kubadilisha kila sehemu isipokuwa bodi ya saketi. Hakuna picha, sauti wala mahali pa mtu panaporekodiwa.

ISO 12100, hati ya viwango vya kimataifa kuhusu usalama wa mashine, inatoa mpangilio mzuri wa kupunguza hatari: kwanza iondoe kwa umbo la mashine, isipowezekana weka kinga, na maelekezo yawe ya mwisho. Wanafunzi hupenda kuanza na bango la "HATARI", kwa sababu ni rahisi.

Hatua ya 7: Wiki ya 4 hadi ya 6, kujenga

Chanja ya mfano ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.2. Turubai limeviringishwa kwenye bomba la chuma la inchi moja na nusu, lililolala ubavuni kwa urefu wote wa chanja. Mabomba huuzwa kwa mita 6, hivyo huhitaji kuunga. Ukingo wa mbele wa turubai umefungwa kwenye bomba jepesi la plastiki, na kamba mbili kutoka hapo hupita kwenye roda zilizo juu ya nguzo za upande wa pili, mita 1.6 kutoka ardhini, kisha hushika uzito. Mota ikilegeza, uzito unavuta turubai. Mota ikikunja, chanja inafunguka. Upande wa bomba la chuma uwe juu kwa sentimita 20 ili maji yateremke, na waya 7 zikatize sentimita 25 juu ya dagaa kubeba turubai.

Uzito ni chupa mbili za maji za lita 1.5 zilizojazwa mchanga mkavu. Kila moja hufika takriban kilo 2 na robo. Kila chupa iteleze ndani ya bomba la plastiki la inchi 4, isije ikamwangukia mtoto. Hapa ndipo tunapotaka mwanafunzi akae muda mrefu: nguvu ya kufunga imewekewa mpaka na mchanga, si na programu. Msimbo ukikosea, mkono uliopo chini ya ukingo utasukumwa kwa kilo nne na nusu tu.

Mota ni ya waipa ya gari, volti 12, kutoka duka la spea au kwa wauza vyuma chakavu. Gia yake ya skurubu hujifunga yenyewe umeme ukikatika. Kwa mizunguko 45 kwa dakika, bomba la milimita 38 huachia turubai karibu mita 5.4 kwa dakika, kwa hiyo mita 1.2 huchukua sekunde 13 au 14. Kundi likipanga kufunika kwa urefu badala ya upana, kwa kuwa nguzo zitapungua, mita 6 zitachukua sekunde 67 na dagaa watakuwa wamelowa. Wafanye hesabu hiyo kabla ya kukata chuma.

Mota hiyohiyo ikikwama ina nguvu ya kutisha. Ukingoni mwa bomba jembamba inaweza kuvuta makumi ya kilo, na nyingine hupita mia. Kwa sababu hiyo kufungua kusiwe kwa kujiendesha. Mwenye chanja abonyeze kitufe na kukishikilia. Akiachia, mota inasimama. Pima ampea za kawaida za kukunja (mara nyingi 3 hadi 5), kisha weka kikomo cha kukata kwenye mara moja na nusu ya hizo. Kiendesha mota cha BTS7960 kinaweza kusoma mkondo huo. Fyuzi ya ampea 10 iwe karibu na betri, na swichi nyekundu ya dharura ikate waya wa mota wenyewe, isipitie kwenye bodi.

Kuna hatari ambayo vitabu vya ng'ambo havitaji: kitenge. Pindo au mtandio ukigusa bomba linalozunguka huvutwa pamoja na aliyevaa. Funika bomba lote kwa bati lililokunjwa, uache mwanya usiozidi milimita 6 wa kupitisha turubai, na bomba liwe angalau milimita 20 nyuma ya mwanya huo.

Bodi ya ESP32, kompyuta ndogo inayoendesha msimbo, ikiwa na Wi-Fi iliyozimwa, pamoja na kishusha umeme, hutumia karibu miliampea 25 kwenye volti 12, sawa na ampea-saa 0.6 kwa siku. Kufunga na kufungua mara 15 kwa ampea 4, sekunde 28 kila mara, ni 0.47. Jumla ni kama 1.1. Betri ya ampea-saa 7 ikitumiwa nusu tu itadumu siku 3 bila jua. Sola ya wati 20 inatosha.

Kihisi cha mvua ndicho kitakachosumbua zaidi. Bamba la shaba likiwa na umeme muda wote huliwa na kutu ya kijani ndani ya wiki chache. Lipe umeme kwa milisekunde 10 tu kila sekunde. Utelezi na mafuta ya dagaa hulifanya lione maji yasiyokuwepo, na umande wa alfajiri vivyo hivyo. Weka mabamba mawili, moja kila ncha ya chanja, na usugue kwa mswaki wa zamani kila jioni.

Swali linalofuata ni la msingi kuliko msimbo wote: je, turubai lifunge bamba moja likilowa, au mpaka yalowe yote mawili? Likifunga haraka, litafunga bure mara nyingi, na dagaa waliofunikwa juani hutoka jasho na kuchelewa kukauka. Likisubiri, siku moja watalowa. Mwanafunzi asiamue. Si dagaa wake. Aweke kitasa cha kuzungusha chenye picha ya tone moja upande mmoja na matone mengi upande wa pili, mwenye chanja akizungushe kwa kadiri ya wingu na mfuko wake. Tunakagua kama kitasa hicho kipo, na kama kinaeleweka kwa asiyesoma.

Kosa moja la mitambo: turubai likinasa kwenye waya, mota huendelea kulegeza na turubai hujiviringisha kinyume. Weka swichi ndogo mahali uzito unapofikia chini. Isipoguswa ndani ya sekunde 20, mota isimame na kengele ilie. Upepo wa ziwa nao hunyanyua ukingo, kwa hiyo pitisha waya za pembeni kwenye matundu ya turubai.

Hatua ya 8: Wiki ya 7, siku za kuharibu

Kundi moja liharibu mashine ya jingine. Katisha waya wa betri mashine ikiwa katikati. Paka bamba la kihisi tope. Ning'iniza kipande cha kitenge mbele ya mwanya. Ingiza karoti badala ya kidole kila penye upenyo. Ikirudi na alama, umbo libadilishwe. Shika ukingo kwa mizani mara 10 na uandike kipimo cha juu kabisa. Wastani hautakiwi hapa. Kisha chomoa pini inayoshika bomba kwenye mota, kana kwamba betri imekufa, na umkabidhi mkufunzi wa mwaloni bila maelezo. Akishindwa kufunika, tatizo ni la pini.

Uamuzi wa pili hufanyika jioni ya siku ya mwisho: mashine iguswe na dagaa wa watu au isiguswe. Wakufunzi wa mwaloni wana kura ya kukataa.

Hatua ya 9: Wiki ya 8, kubaki au kuondoka

Uamuzi wa tatu ni wa wenye chanja peke yao, nanyi msiwepo wakiamua. Wakikataa, mashine inang'olewa na chanja inarudishwa ikiwa nzima kuliko ilivyokutwa. Wakikubali, mkataba wa ukurasa mmoja uandikwe ofisi ya serikali ya mtaa: nani mmiliki, nani anaitengeneza, na nani analipa dagaa wakiharibika kwa kosa lake katika siku 90 za kwanza. Hiyo ya mwisho ilipwe na mradi, na fedha zake zitengwe tangu bajeti ya mwanzo.

Fundi atakayeitunza awe ameshiriki kuichomelea tangu wiki ya 4. Alama zigawanywe hivi: hesabu ya riziki 25, masharti 20, mashine 25, siku za kuharibu 15, makabidhiano 15. Alama za makabidhiano zitolewe baada ya simu ya siku ya 30, fundi na mwenye chanja wakiulizwa kila mmoja peke yake.

Acha kwenye boksi la bati: mota moja ya waipa iliyojaribiwa, fyuzi 5 za ampea 10, mabamba 4 ya kihisi, bodi moja yenye msimbo tayari, kamba mita 10, na mchoro wa waya uliochorwa kwa rangi zilezile za nyaya zilizotumika.